Utepe Wenye Mishono Kumi na Mitano

Ndugu zangu, nawaomba mnisikilize kwa utulivu, maana mimi mwenyewe kila nikiikumbuka habari hii utulivu hunikimbia.

Asubuhi ile ilianza vizuri tu. Katika chumba cha kushonea, dada mkubwa, ambaye wateja wote walimwita Fundi, alikuwa kwenye cherehani yake akimalizia upindo wa sare ya shule. Mdogo wake, mwenye mimba ya miezi saba, alikaa karibu na dirisha akitia vifungo kwenye vinguo vya mtoto. Kila akimaliza kimoja alikiinua, akakitazama, akakikunja. Hapakuwa na ugomvi wala haraka.

Nje likapita gari la matangazo.

"Jamani! Jumamosi hii, kituo cha afya! Kupima virusi vya Ukimwi, bure na kwa siri! Usiogope, mwenzangu! Ni dakika chache tu, ujue afya yako!"

Mwenye sauti hiyo alikuwa Shemeji, mume wa mdogo wake. Kazi yake ilikuwa kutangaza: mikutano, chanjo, minada, mtoto aliyepotea. Mtaa mzima walimwita Spika. Akikuambia sabuni fulani ni nzuri, utainunua hata kama nyumbani unazo tatu.

"Mumeo anajua kusema," Fundi akatabasamu.

Mdogo wake alikaza macho kwenye kifungo. Fundi akadhani ni kichefuchefu. Simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa kliniki: majibu ya damu yametoka, waje leo leo, wasingoje kesho.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Miezi minne kabla, mdogo mtu alipimwa kliniki ya wajawazito akakutwa na virusi. Walilia siku nzima. Kesho yake alianza dawa, maana muuguzi aliwaeleza vizuri: kidonge kimoja kila siku, saa ile ile, virusi vitapungua kwenye damu hadi visionekane kwenye kipimo, na mtoto anaweza kuzaliwa salama. Fundi akajitolea kuwa msaidizi wake wa tiba. Na kwa kuwa fundi haachi ufundi wake, alikata utepe mweupe, akauchora kwa chaki ya bluu visanduku thelathini, akamkabidhi mdogo wake pamoja na sindano na uzi mwekundu. "Ukimeza, shona mshono mmoja. Mwezi ukiisha, ukate utepe mwingine kama huu." Wazo zuri sana. Kasoro yake ni moja: tangu siku ile Fundi hakuwahi kuukagua. Alikuwa anauliza "Umemeza?" huku cherehani inanguruma, anajibiwa "Ndiyo, dada," anaendelea kukanyaga.

Kliniki, muuguzi aliwakalisha, akafunga mlango.

"Virusi havijashuka inavyotakiwa," alisema. "Miezi minne ya dawa, tulitegemea viwe chini kabisa. Unameza kila siku?"

"Nameza, sista."

"Chupa zako zinaisha siku ile ile zinapopaswa kuisha. Nimehesabu kila mwezi, hakibaki hata kidonge kimoja. Sasa vinakwenda wapi?"

Mdogo mtu akatazama sakafu. Fundi damu ikamchemka. "Basi dawa zenu ndizo mbovu," akasema. "Mdogo wangu si mwongo."

"Dada, watu wengi hapa wanameza dawa hizi hizi na virusi vyao vimelala." Muuguzi hakupandisha sauti, na hilo likamuudhi Fundi zaidi. "Imebaki miezi miwili. Akimeza sawasawa kuanzia leo, mtoto tunaweza kumkinga. Tukiendelea hivi, sina la kuwaahidi."

Njia nzima ya kurudi Fundi alimkalia mdogo wake kooni. Unasahau? Unatapika? Unazitupa? Umeambiwa na nani kwamba zinadhuru? Mdogo wake alitembea, mkono mmoja tumboni.

Walipofika nyumbani kwa mdogo mtu, Fundi hakukaa. "Nipe utepe wa mwezi ulioisha."

Ulitolewa kwenye droo ya kabati, chini ya vile vinguo vya mtoto. Fundi akaupeleka mwangani. Mshono, kisanduku kitupu. Mshono, kitupu. Mshono, kitupu. Aliupitisha vidoleni kama anayehesabu vifungo vya mteja mbishi. Mishono ilikuwa kumi na mitano.

"Chupa ilikuwa na vidonge thelathini," akasema polepole.

"Ndiyo, dada."

"Mbona hukushona yote? Nisingejua kamwe."

"Uliniambia nishone siku niliyomeza. Mdomo uliweza kumdanganya sista. Mkono ulinishinda."

"Na vile kumi na vitano vingine anameza nani?"

Mdogo wake aligeukia mlangoni. Shemeji alikuwa anaingia kula chakula cha mchana, kipaza sauti chake kwapani. Alimwona Fundi, akaona utepe, tabasamu likamkauka.

"Ni wewe?" Fundi akauliza. "Ni wewe unayekula dawa za mke mjamzito?"

"Dada, punguza sauti, majirani watasikia."

"Wewe ndiye wa kuniambia mimi nipunguze sauti?"

Shemeji akaketi. Akaanza kueleza, na kwa mara ya kwanza maneno yake hayakuwa na ladha. "Kama yeye ana virusi, mimi pia ninavyo. Hilo halihitaji kipimo. Na mimi ni mtu ninayejulikana. Nikikaa kwenye lile benchi la kituo, kesho nani atanipa tangazo? Ndiyo tukaona tugawane. Leo yeye, kesho mimi. Mume na mke si wanagawana kila kitu?"

"Tukaona?" Fundi akamgeukia mdogo wake.

"Aliniomba, dada. Alisema nikimnyima, namwacha afe. Nikaona nusu si haba."

Fundi akashika kichwa. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumpiga mtu na kile kipaza sauti. Mtu amezunguka mtaa mzima akiwaambia watu wasiogope, naye amejificha nyuma ya tumbo la mkewe. Na mkewe amekubali, kwa upendo. Na yeye mwenyewe, msaidizi wa tiba, amekaa na jawabu kwenye droo miezi minne bila kuifungua hiyo droo. Alikuwa amechoshwa nao wote wawili, na nafsi yake zaidi.

"Na mtoto mlimgawia nini?" akauliza.

Mdogo mtu akachukua chupa ya dawa kabatini na kuiweka mikononi mwa dada yake.

"Kuanzia leo inakaa kwako. Nitakuja kumeza mbele yako kila siku." Akamtazama mumewe. "Nawe ukitaka dawa, zifuate zinakotolewa."

Shemeji alinuna hadi Ijumaa. Alisema amedhalilishwa, kichwa kinamuuma, anajisikia amekonda. Hakuna aliyembembeleza. Jumamosi asubuhi alitangaza mitaa miwili, akaegesha gari mbele ya kituo cha afya, akakaa muda mrefu ameshika usukani. Halafu akashuka. Mkewe na Fundi walikuwa wanamngojea.

Kwenye benchi, bibi mmoja akamsogezea nafasi. "Leo umekuja bila spika?"

"Nimekuja kama nilivyowaita, bibi."

"Tumekungoja sana. Kaa."

Hayo tu. Yule mtu aliyeogopa benchi miezi minne, benchi lilimpokea kwa maneno machache na likaendelea na habari zake.

Aliingia na mkewe. Fundi alibaki nje akivuta uzi uliofumuka kwenye mkono wa gauni lake. Walipotoka, Shemeji alikuwa anacheka.

"Sina, dada! Sina! Sista anasema hutokea mmoja akawa navyo na mwenzake asiwe navyo. Nitarudi kupimwa tena kwa sababu zile dawa nilizokuwa nameza huweza kuvificha kwenye kipimo, na amenieleza namna ya kujikinga. Lakini sina!"

Fundi hakucheka. Alikuwa anamtazama mdogo wake, aliyesimama nyuma ya mumewe, mkono tumboni.

"Miezi minne," mdogo mtu akasema. "Miezi minne unakula nusu ya dawa za mwanao, kwa ugonjwa usio nao."

Kicheko kikamfia Shemeji mdomoni. Alipoketi kwenye benchi, mkewe akakaa pia, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

Miezi iliyobaki, utepe ulijaa mishono pasipo pengo, na Fundi aliukagua kila siku. Kipimo kilichofuata kilionyesha virusi vimeshuka mno. Mtoto alizaliwa wa kike, akapewa dawa ya kumkinga, na kipimo chake cha kwanza kilikuwa salama. Vingine vinangojwa hadi aache kunyonya. Shemeji naye alirudia kupimwa, akakutwa hana. Bado anatangaza. Nyumbani mkewe anamwekea chakula, anaongea naye, wakati mwingine wanacheka. Lakini chupa ya dawa bado inakaa kwa dada yake.

FUNZO

Ndugu zangu, dawa za kufubaza virusi ni za aliyeandikiwa. Hazigawanywi kama mkate. Nusu ya dawa si nusu ya kinga, na mama akipunjwa, anayepunjwa zaidi ni yule asiyeweza kusema.

Usijipime kwa kumtazama mwenzako. Nenda upimwe mwenyewe. Ukikutwa navyo, dawa zako zipo na maisha yapo. Ukikutwa huna, utafundishwa kujikinga. Vyovyote iwavyo, utakuwa unajua.

Na sisi wasaidizi, tusiulize "Umemeza?" huku tumegeuza mgongo. Tuache kazi kidogo, tukae, tuangalie. Kumtunza mgonjwa ni kumtazama.

Mwisho, wewe unayeona haya kukaa kwenye lile benchi: waliokaa pale hawakungoji wakucheke. Wamekwisha sogea. Nafasi yako ipo, na kila siku unayochelewa, kuna mtu nyumbani anayeilipia.