Msumari Ulionyooshwa

Jua lilikuwa linazama Kipimo alipokwenda kuchukua mbao kwa kaka yake, na hakwenda kwa kupenda. Miaka sita walikuwa hawasalimiani. Baba yao, seremala, alipokufa alimwachia mdogo karakana. Mkubwa akaambulia kiwanja chenye mti mmoja wa mvule, na maneno matamu ya kumtuliza. Mkubwa akawa mpasuaji mbao. Mdogo akabaki na randa za baba na jina la Kipimo, kwa kuwa alipima kila kitu mara mbili. Wenzake walisema hata chumvi huipima kwa futi kabla ya kuitia mdomoni.

Sasa binti yake alikuwa amerudi nyumbani kujifungua. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika, na hii ya tatu ilikuwa imefika miezi minane watu wakiogopa hata kuitaja. Ndipo kaka akatuma salamu: Mvule wa baba niliuangusha mwaka jana, mbao zimekauka vizuri, njoo umtengenezee mjukuu kitanda.

"Nenda," mkewe alimwambia. "Damu nzito kuliko maji."

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema unavuna nini.

Kaka alikuwa amezipanga mbao ukutani, moja moja, kwa mikono yake. Aliuliza hali ya binti. Aliuliza kitanda kitawekwa chumba gani. Kisha akapakia mkokoteni, na Kipimo akaondoka akijilaumu kwa miaka yote ile ya kununa.

Ubao wa nne ulikuwa na msumari ndani.

Kwa fundi hilo si jambo la ajabu. Watu hupigilia misumari kwenye miti, kwa kamba za nguo, kwa mabango, na mti ukikua huimeza. Lakini huu ulikuwa wa zamani, wa pembe nne, uliofuliwa kwa nyundo, na shingoni mwake ulizungushiwa kitu cheusi kama uzi. Ulilala ubavuni mwa ubao, mzima, bila kuguswa na msumeno. Kipimo alishangaa bahati ya kaka yake, maana meno ya msumeno yakigonga chuma huvunjika yote. Akakata kile kipande cha pembeni, akaung'oa msumari kwa koleo. Ulitoka umepinda.

Seremala wa kweli hatupi msumari. Baba ndiye aliyewafundisha, wakiwa wadogo, wamechuchumaa mbele ya jiwe, kila mmoja na nyundo yake: unaulaza, unauzungusha, unaugonga taratibu mpaka unyooke. Kipimo alifanya hivyo hivyo. Ule uzi mweusi uliposhika cheche ya kiko chake ulinuka nywele zilizoungua. Akaupuliza ukazimika.

Upande wa kichwani wa kitanda ulipungukiwa msumari mmoja. Akaupigilia pale.

Mtoto alizaliwa wa kiume, kilo tatu na nusu, ana sauti ya kuamsha mtaa. Kipimo alilia hadharani na hakuona haya. Siku nne nyumba ilikuwa na raha ambayo haikuwahi kuijua.

Siku ya tano, magharibi, alikuwa anafunga karakana aliposikia mtu anapiga randa.

Kwaruu...

Akageuka. Randa zote zilikuwa zimetundikwa.

Kwaruu... kwaruu...

Aliijua sauti ile kuliko sauti ya mkewe. Ni randa iliyonolewa vizuri, ikipita juu ya kitu laini, kwa mkono usio na haraka. Ilitoka ndani ya nyumba. Akaifuata ukumbini, akaifuata mpaka mlango wa binti yake. Harufu ilimpokea pale pale. Nywele zilizoungua.

Binti alikuwa amesinzia. Mtoto alikuwa macho, kimya, anatazama juu.

Chini ya kitanda cha mtoto palikuwa na maranda. Membamba, yamejikunja, kama yanavyodondoka chini ya meza ya fundi. Kipimo aliokota moja akaliinua kwenye mwanga. Halikuwa na nyuzi za mti.

Lilikuwa na joto.

Kliniki, mizani ilisema kilo tatu. Baada ya siku mbili, mbili na nusu. Nesi alimwuliza binti kama maziwa yanatoka, kwa sauti ya kumlaumu, na binti akarudi nyumbani analia. Walimhamishia mtoto kitanda cha bibi yake. Magharibi ilipoingia, sauti ikahamia huko.

"Baba," binti alimnong'oneza, "mwanangu anakwisha."

Kipimo aliogopa kama hajawahi kuogopa. Alikwenda kwa kaka yake bila viatu.

Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Uliung'oa?"

"Niliung'oa. Nikaunyoosha."

"Kabla yetu walizaliwa watatu," kaka alisema. "Wote walikwisha hivyo hivyo, wakawa wepesi mpaka mama akawa anabeba nguo. Baba alitafuta mtu akakifunga hicho kitu kwenye mvule, kwa nywele za mama na msumari ule. Ndipo tukapona mimi na wewe."

"Ulijua, kaka? Ulijua ukanyamaza?"

"Nilijua umo ndani ya mti. Uko wapi, ningejuaje? Ningeuona ningeuchoma na ubao wake." Akamtazama. "Na ningekwambia lini, mdogo wangu? Tulikuwa hatusalimiani. Baba siri alinipa mimi. Wewe alikupa karakana."

Walirudi pamoja wakikimbia. Sauti ilikuwa imeshaanza, na mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Kaka aliung'oa msumari, akaushika kwa kitambaa, akauweka kwenye kiganja cha kulia cha mdogo wake. Akamkunja vidole kimoja kimoja.

Sauti ikakatika.

"Usifungue," kaka alisema. "Ukishatoka, mbao kavu haziushiki tena. Unataka kitu chenye uhai. Nitapanda mvule mwingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uwe na shina la kuubeba."

"Miaka mingapi, kaka?"

"Wewe ndiye Kipimo. Pima."

Mtoto alirudi kilo tatu kabla ya mwezi kuisha. Sasa anatambaa, ana mashavu, na binti anaimba akifua. Kipimo anamtazama mjukuu wake na hajutii. Lakini mkono mmoja haupigi randa. Amebaki kibarazani na ngumi yake, na karakana inafunguliwa kila asubuhi na kaka. Wateja wameshamzoea. Wanamwita fundi.

Juzi Kipimo alikuwa anachokoa kuni kwa mkono wa kushoto, akakiona kile kipande cha ubao alichokikata siku ile. Tundu la msumari lilikuwa bado lipo. Alikigeuza. Njia ya msumeno ilikuwa imenyooka, imenyooka, kisha ilipokaribia msumari ikapinda. Ikauzunguka kwa upana wa kidole. Ikarudi mahali pake, ikaendelea.

Alipima kwa kidole. Akapima tena. Msumeno haupindi wenyewe.

"Kuna nini hapo?" kaka aliuliza kutoka ndani ya karakana. Randa ilikuwa imesimama.

Jua lilikuwa linazama. Saa ile kila siku kaka huja na kitambaa, akaifunga ile ngumi isije ikafunguka usingizini. Mke wa Kipimo alijaribu kuifunga mara moja. Usiku ule sauti ilirudi. Kitambaa alichofunga kaka hakijawahi kulegea.

Kipimo alikitupa kile kipande motoni.

"Hakuna kitu, kaka."

Kaka akaja, akachuchumaa mbele yake kama walivyochuchumaa zamani mbele ya jiwe. Akaanza kuzungusha kitambaa, taratibu, bila haraka. Ndani ya nyumba mtoto alicheka.

Kipimo akamnyooshea mkono.

"Kaza," alisema. "Kaza zaidi, kaka."