Waya wa Maikrofoni

Rafiki yangu Losa alikuwa Apia, kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa, akimwimbia kwa simu ya video mama yake aliyelazwa hospitalini Auckland, ng'ambo ya bahari. Mvua ilikuwa imetia giza mchana kutwa.

Dada yake Fetu, aliyekuwa huko akimuuguza mama, akamkatiza. "Nani anakohoa nyuma yako?"

"Niko peke yangu. Labda ni mvua."

"Tangu lini mvua ikakohoa, mdogo wangu? Hebu zima maikrofoni."

Losa akaizima, alama nyekundu ikatokea.

"Bado namsikia," Fetu akasema taratibu. "Sasa ananong'ona."

Losa akachomoa kabisa waya wa maikrofoni. Hapo akamwona mama yake kwenye skrini, aliyeshindwa kuinuka wiki nzima, akiinua kichwa na kutazama nyuma ya bega la Losa.

"Haya," mama akajibu. "Nakuja."