Picha ya Kabla

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, Ukuta alikuwa ameshafungua madirisha ya saluni ya mama mdogo wake. Alifagia nywele za jana, akaosha rola kwenye beseni, akakunja taulo na kuzipanga. Jina la Ukuta alilipata uwanjani. Alikuwa mlinda goli wa timu ya netiboli ya darasa la saba, na wachezaji wa shule nyingine walikuwa wakilalamika kwamba kumpita yeye ni sawa na kupita kwenye tofali. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alimpenda sana pia mama mdogo wake. Mama yake mzazi, fundi cherehani, alikuwa mtu wa maneno machache na pini mdomoni. Lakini mama mdogo alikuwa anasikiliza. Unaweza kumweleza jambo la aibu huku anakusuka, wala asiache kusuka wala asishangae.

Ndiyo maana Jumamosi moja, wakiwa wawili tu, Ukuta akiwa amevaa sketi ya shule kwa ajili ya masomo ya ziada ya mchana, alimfungulia moyo.

"Mama mdogo, sketi ya shule haifungi tena zipu. Naifunga kwa pini, halafu naishusha sweta juu yake. Wenzangu wameshaona, wananicheka. Juzi nimelia chooni."

"Masikini mwanangu! Mama yako anajua?"

"Hajui. Na usimwambie kwamba nimelia."

"Mimi? Mdomo wangu umeshonwa." Mama mdogo akachukua simu. "Hebu simama pale, pandisha sweta, geuka kidogo. Nampelekea mama yako picha aone sketi inavyokubana, akushonee nyingine. Mengine yote yataishia humu humu."

Ukuta akasimama, akapigwa picha. Alirudi nyumbani akijisikia mwepesi. Akasubiri mama yake aseme neno kuhusu sketi. Siku zikapita, mama hakusema kitu, na Ukuta akadhani amesahau kwa wingi wa kazi.

Jumatatu ya wiki ya pili, rafiki yake mkubwa, ambaye darasa zima lilimwita Kasuku kwa sababu hakujua kunyamaza, alimkimbilia getini. Safari hii Kasuku alikuwa amenyamaza. Alimshika mkono tu, akamvuta kando.

"Umepita saluni kwa mama yako mdogo leo?"

"Hapana. Nimekuja kwa njia ya chini. Kuna nini?"

"Mimi sitaki kuwa wa kukwambia. Nenda ukaone mwenyewe. Lakini darasani wameshaona wote."

Siku hiyo Ukuta hakusikia somo hata moja. Alipokaa, mtu wa nyuma alinong'ona, "Kabla!" na dawati zima likacheka. Wakati wa mapumziko akasikia tena, "Kabla, nipe kalamu." Hakuelewa. Saa za kutoka zilipofika, alikwenda mbio hadi saluni.

Kwenye kioo cha mlango palikuwa na bango jipya linalong'aa. Upande wa kushoto alikuwa msichana mnene mwenye sketi iliyofungwa kwa pini, macho yamezibwa kwa mstari mweusi. Juu yake pameandikwa KABLA. Upande wa kulia alikuwa msichana mwembamba anayecheka, juu yake pameandikwa BAADA. Chini ilikuwa picha ya paketi za chai ya kupunguza mwili, na maneno haya: "Alichekwa shuleni. Alilia chooni. Leo ni mwingine kabisa!"

Mstari mweusi ulikuwa umeficha macho, lakini pini ile nani asiyeijua? Na hata hivyo si picha iliyomchoma Ukuta zaidi. Ni yale maneno. Neno la chooni hakuwahi kumwambia mtu mwingine yeyote, hata Kasuku. Alilitoa mahali pamoja tu, na sasa limebandikwa barabarani kila apitaye alisome.

Kwa ndani aliona mgongo wa mama mdogo, anamsuka mteja na kucheka. Ukuta hakuingia. Aligeuka, akaenda nyumbani, na mama yake alipomuuliza mbona macho mekundu, alijibu, "Vumbi."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ukuta aliijua methali hiyo tangu darasa la tatu, aliwahi hata kuitungia sentensi mtihanini. Hakujua kwamba inauma namna hii.

Angeweza kukasirika na kulichana bango. Badala yake, jambo la ajabu lilitokea kichwani mwake: aliliamini. Kama mtu anayempenda kuliko wote amemwona yeye kuwa ni "kabla", basi huenda ndivyo alivyo. Jumamosi alikwenda saluni kama kawaida, akafagia bila kusema neno, na mama mdogo hakumtazama usoni wala hakutaja bango. Alipotoka kwenda kununua dawa ya nywele, Ukuta alichukua boksi zima la ile chai chini ya kaunta, akalitia mkobani.

Akaanza kunywa paketi mbili kila asubuhi, wakati karatasi ilisema moja. Uji aliumwaga nyuma ya nyumba. Chakula cha mchana alimpa Kasuku.

"Wewe huli?" Kasuku aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

"Kula, unyamaze."

Tumbo lilimsokota usiku na mchana. Alikwenda chooni mara sita, mara saba kwa siku. Zipu ilisogea juu kidole kimoja, naye akafurahi. Lakini mazoezini mpira uliokuja taratibu ulimpita kama vile hakuuona, na siku ya tano, akiwa kwenye foleni ya bomba la maji shuleni, dunia ikageuka nyeupe. Alipofumbua macho, Kasuku alikuwa analia na mwalimu wa michezo amembeba.

Kwenye zahanati, muuguzi mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani, alimpa maji ya chumvi na sukari, akampima presha, akamuuliza maswali kwa upole. Mama yake alifika akikimbia, futi ya kupimia bado iko shingoni. Mkoba ulipofunguliwa kutafuta daftari la kliniki, paketi za chai zikamwagika sakafuni.

Muuguzi akaokota moja, akaisoma.

"Nani kakupa hii?"

Ukuta akasema yote: sketi, picha, bango, chooni, na boksi alilochukua chini ya kaunta. Mama yake alikaa kitako polepole kama mtu aliyepigwa.

"Mimi sikutumiwa picha yoyote," alisema. "Hata moja."

"Sikiliza, mwanangu," muuguzi akasema. "Hii ni dawa ya kuharisha, imepewa jina la chai. Kilichopungua si mafuta, ni maji na chumvi ambavyo moyo wako unavihitaji. Ungeendelea, ungeletwa hapa kwa machela. Halafu una miaka kumi na mitatu. Mwili wa umri huo unapanuka kabla haujarefuka, au unarefuka kabla haujapanuka. Unakua, huo si ugonjwa." Akamgeukia kidogo. "Ila niambie kweli, kabla ya chai, ulikuwa unakula nini?"

"Asubuhi nilikuwa naondoka bila kunywa uji siku nyingine. Mapumziko soda na biskuti."

"Basi hapo tuna kazi, na ni kazi nyepesi. Kula asubuhi. Maji badala ya soda. Mboga na tunda kila siku, maharage, yai likipatikana. Cheza mpira wako. Na mizani uniachie mimi, huku kliniki."

Kutoka zahanati, mama hakupita nyumbani. Alimshika mwanawe mkono wakaenda moja kwa moja saluni. Wateja wawili walikuwa ndani.

"Dada, karibu..." mama mdogo alianza.

"Mtoto ameanguka shuleni," mama alisema. "Umeitundika siri yake mlangoni, naye akaenda kunywa chai yako."

Rangi ilimtoka mama mdogo. "Lakini sura nimeificha, dada! Wauzaji waliniletea mzigo wa chai, wakasema bila picha hainunuliwi. Sikufikiri kama mtu atamjua."

"Mimi nilijijua," alisema Ukuta. "Ulisema mdomo wako umeshonwa. Yule wa pili, mwembamba, ni nani?"

Mteja mmoja akageuza kiti.

"Simjui," mama mdogo akasema mwishowe. "Nilimtoa kwenye simu. Hakuna mtu aliyepungua kwa hii chai. Mimi mwenyewe niliinywa siku tatu nikaiacha, tumbo lilinishinda. Nikaiuza hivyo hivyo." Akaanza kulia. "Nisamehe, mwanangu."

Alilibandua bango mwenyewe, mbele ya wateja, akawaambia kwa mdomo wake kwamba lilikuwa la uongo. Chai iliyobaki aliirudisha kwenye maboksi, irudi kwa walioileta. Kisha akampa Ukuta simu, na Ukuta akaifuta ile picha kwa kidole chake.

"Utakuja Jumamosi?" mama mdogo aliuliza.

"Hapana. Labda baadaye. Sijui."

Mama mdogo akaitikia kwa kichwa.

Jioni ile mama aliketi kwenye cherehani, sketi mapajani. Akafumua mshono wa pembeni, akamwonyesha mwanawe kitambaa kilichokunjwa kwa ndani, chenye upana wa vidole viwili.

"Kila nguo ya mtoto naiwekea akiba, kwa sababu najua atakua. Nimewashonea watu wengi, wanene, wembamba, wenye bega moja juu. Sijawahi kumwambia mtu akajikate ili aenee kwenye nguo yangu. Nguo ndiyo inayomfuata mtu. Ukisikia mtu anakuuzia mwili mwingine, jua kwanza amekudanganya kwamba wako una kasoro." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na kuna kosa langu. Mtoto akienda kulia kwa mwingine, basi mama yake ana kazi nyingi mno. Siku nyingine, niambie mimi. Nitatoa pini mdomoni."

Ukuta akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mama akampa sketi. Akaivaa, akavuta zipu, ikapanda hadi juu bila kugoma. Kisha wakaenda jikoni, maharage yalikuwa yameiva, na akala akashiba.