Taya la Aurelia

Siku ya soko, pale Ifakara, hukupita barazani kwa Mzee Sadallah bila kukanyaga mtu. Wavuvi wanatangaza kambale, wauza mpunga wanagombana kuhusu kivuli, na Ponsiano, fundi cherehani, yuko katikati ya kelele zote anakanyaga mashine yake. Ndipo Aurelia alipomtupia kitambaa mapajani.

“Fundi, gauni. Na usinibane kifuani kama ulivyombana Emerensiana, maskini hata kupumua hawezi.”

Ponsiano akainua uso. Akaona msichana mrefu, mabega kama ya mpiga kasia, pumba za mpunga zimemganda kwenye nyusi. Sindano ikamwingia kidoleni.

“Unashona nguo au unajishona mwenyewe?”

“Nimejishona, bibie. Sasa nani atanifumua?”

“Mama yako.”

Gauni lile la maua ya manjano lilichukua muda mrefu kuliko joho la askofu. Kila Aurelia akija, fundi amegundua kasoro, lazima apime tena kiuno. Aurelia alimtukana, akapimwa, akarudi. Mpunga ulipovunwa, Ponsiano akamtuma baba yake mdogo na jembe la posa, na Mama Apolonia, mjane aliyemlea Aurelia peke yake, akalipokea kwa mikono miwili.

Basi, furaha haikukaa. Kwenye taya la kushoto la Aurelia kulitokea kitu kama punje ya karanga.

“Kinakuuma?” Ponsiano aliuliza.

“Hakiumi.”

“Kama hakiumi, si ugonjwa.”

Mtaa mzima ulisema hivyo hivyo. Jino linauma, jipu linauma, kwa hiyo yanapelekwa hospitali. Kitu kinachokua kimya kimya bila kuuma, hicho kimetumwa na mtu. Walimtafuta huyo mtu hadi mavuno mengine yakafika, na karanga ikawa yai la kuku. Magego yakaanza kucheza. Aurelia akachoka kusikia habari za wachawi, akawaburuta mama yake na mchumba wake hadi hospitali ya misheni.

Daktari, Mzungu wa makamo aliyesema Kiswahili cha polepole, aliinua picha ya mfupa dirishani. Mahali pa taya palikuwa na vyumba vyumba kama sega la nyuki.

“Uvimbe huu umeota ndani ya mfupa, pale meno yanapotengenezwa,” alisema. “Si jino bovu, na hakuna aliyeutuma. Tukiukwangua tu, utarudi. Inabidi tuukate pamoja na kipande kidogo cha mfupa mzima, usio na ugonjwa, kila upande. Uso utapinda, hilo siwafichi. Lakini tukiuacha utakua mpaka ashindwe kula, mwisho ashindwe kupumua. Nani mwenye neno hapa?”

Aurelia akafungua kinywa. Mama yake akamtangulia.

“Ameshaposwa, daktari. Mwenye neno ni mwanamume.”

Ponsiano akatazama vidole vyake. “Asikatwe. Nitampeleka Malinyi kwa mama yangu kwanza. Kuna mtu wa dawa kule.”

Hawakufika hata getini, Aurelia akalipuka.

“Wewe Ponsiano! Kanzu ya Mzee Sadallah ilipoliwa na mchwa, ulikatia wapi?”

“Aurelia, watu wanatazama.”

“Watazame, hawalipi! Ulikatia wapi?”

“Kwenye kitambaa kizima.”

“Kwa nini usikatie palepale kwenye tundu?”

“Pangechanika tena.”

“Kumbe unajua! Kanzu unaijua, mimi hunijui?”

“Kanzu haina uso, mpenzi!”

Siku zote hizi Aurelia alidhani Ponsiano anaogopea uhai wake, kumbe analilia shavu.

“Alaa,” akasema taratibu. “Kumbe ni uso.”

Asubuhi yake alilichukua lile jembe uvunguni mwa kitanda cha mama yake, akalibeba begani akipita katikati ya soko. Wanawake wakaacha kupima mchele. Alipofika barazani akalitupa juu ya cherehani, likatoa mlio kama kengele ya kanisa.

“Posa yako hiyo. Mashahidi mnaona? Sina mchumba. Huyu hana neno tena juu ya taya langu.”

“Aurelia, mpenzi, tuongee ndani.”

“Ongea na jembe.”

Akageuka kumtazama mama yake, aliyekuwa amemfuata mbio, kanga inaburuzika. “Haya, mama. Neno limerudi kwako. Lisemwe leo.”

Mama Apolonia alilia njia nzima, lakini kwa daktari alilisema: akatwe.

Aurelia alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, kichwa kilikuwa kimefungwa bendeji hadi utosini na nusu ya taya haipo. Alinyweshwa uji kwa kikombe chenye mdomo mrefu. Kusema hawezi. Matusi yote yalimjaa kifuani bila pa kutokea, na Ponsiano akaja siku hizo hizo, kila siku, na uji wake. Aurelia akamgeuzia mgongo.

“Sikuogopa ufe,” Ponsiano aliuambia ule mgongo. “Ningesema niliogopa ufe ningependeza, lakini ningekudanganya. Niliogopa kutembea na wewe watu wacheke. Nimeona aibu hata kulisema.”

Aurelia alishika kikombe akakirusha. Kilimpata begani, uji ukamtiririka shati lote. Kesho yake Ponsiano alirudi na shati jingine.

Bendeji ilipotolewa, kidevu kilikuwa kimekwenda kushoto na mdomo umefuata. Daktari alikuja na Sista Balbina, muuguzi wa wodi.

“Pamekatwa vizuri,” alisema daktari. “Lakini uwe unarudi tukutazame, miaka mingi. Ikitokea uvimbe umeota tena, nimuulize nani?”

Mama Apolonia, kwa mazoea yake, akamtazama Ponsiano.

“Mama, msinitazame mimi,” Ponsiano akasema. “Mwenye taya huyo hapo.”

“Ukiota,” Aurelia akasema, maneno yakitoka kwa upande mmoja na mate yakifuata, “kata.” Akajifuta. Kisha akamgeukia fundi. “Nitazame. Usitazame vidole, nitazame.”

Ponsiano akamtazama, muda mrefu, asikwepe.

“Bado unanitaka?”

“Nakutaka.”

“Mimi bado nina hasira.”

“Nitangoja.”

“Usingoje umekaa kama mgeni. Kikombe hicho kichafu.”

Wodi nzima ya wanawake ikainuka kwenye mito kumwona mwanamume akiosha chombo mchana kweupe. Mmoja akapiga kigelegele cha kejeli. Ponsiano akasugua.

“Na chini,” akasema Aurelia. “Umeacha chini.”