Kilima cha Mwisho

Kilima cha mbali kabisa kilikataa kukauka. Vilima vya mbele mchoraji alivipaka rangi nzito. Vya nyuma akavififisha kimoja baada ya kingine kwa kijivu chenye ubuluu, hadi jicho likadanganyika kwamba ndani ya turubai kuna mwendo wa siku nzima. Vyote vilikauka. Kile cha mwisho, siku ya nne bado kilikuwa kibichi, na nje jua linachoma.

Mchana huo chumba kikanuka udongo wa mvua. Akasikia kikohozi, kisha sauti ndogo, ya mbali.

"Baba Rangi, umekula?"

Brashi ikamdondoka. Aliyemwita hivyo alikuwa mkewe peke yake, na mkewe alizikwa mwaka juzi.

"Bado," akanong'ona.

Tangu hapo akawa hatoki chumbani. Dada yake, aliyehamia kwake baada ya msiba, akagonga mlango, akagonga tena, akausukuma, akamkuta kitini suruali imelowa umande hadi magotini, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na kwenye turubai, ambamo hakuwahi kuchora mtu, nyayo za mtu mmoja zikipanda kuelekea ukunguni, na za watu wawili zikirudi.

"Kaka, ulikuwa wapi?"

"Taratibu, dada. Amelala."

Dada akatoka mbio kumwita mganga. Mganga alichungulia tu, hakuvuka kizingiti.

"Huyo si mkeo, ndugu yangu. Ni jini, amevaa sauti yake. Wewe ndiye uliyemfungulia njia, wewe ndiye wa kuifunga. Paka nyeupe turubai yote. Akikuita, usiitike."

Mchoraji akaanza na vilima vya mbele, na kadiri weupe ulivyopanda ndivyo sauti ilivyomsihi, ikimkumbusha ugonjwa, kitanda, maneno ambayo mke na mume huambiana taa ikizimwa, ikimuuliza atamwacha vipi peke yake kwenye baridi ile kwa mara ya pili, hadi alipokifikia kilima cha mwisho, akafumba macho, akapaka.

Kimya.

"Amekwenda," mganga akasema.

Dada akashusha pumzi. Aliporudi kutoka kumsindikiza mganga, alimkuta kaka yake amelaza sikio kwenye rangi mbichi, shavu zima jeupe, akisikiliza.