Ukurasa Nilioufungua Baada ya Mazishi

Nina miaka arobaini na sita, niliishia darasa la saba, nalima kahawa hapa Ihanda. Pia ni katekista wa kanisa letu la Anglikana. Padri wetu anahudumia makanisa mengi, hivyo Jumapili nyingi ibada naongoza mimi. Sijui kama naandika vizuri, ila nitajaribu kusema haki, hata pale inaponiumiza...

Padri alitugawia makatekista kijitabu cha mwongozo. Akasema tukisome chote, tusipoelewa tumuulize. Mimi nilikifunga kwenye nailoni kisichafuke. Nilifungua kurasa za Jumapili tu.

Vijana wa kwaya walinitania, "Katekista, kitoe hicho kitabu, kitakosa hewa!" Nilicheka. Nilijiona mtunzaji!

Mdogo wangu Eliza akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya tisa mtoto akaacha kunyonya. Zahanati wakasema tumwahishe hospitali. Tukiwa tunasubiri gari, mchana ule, pumzi zikaanza kumkatika... Eliza akanishika mkono.

"Kaka, mbatize."

"Mimi siyo padri, Eliza. Siruhusiwi."

"Kaka, maji haya hapa!"

Nilimpigia padri, hakupatikana. Simlaumu. Alikuwa njiani kwenda Mkwajuni, na njia ile mtandao haushiki kila mahali. Nikasema tusubiri. Tukasubiri... Mtoto akafia mapajani mwa mama yake, kikombe cha maji kikiwa pembeni.

Je, niliishia hapo? Hapana! Kesho yake nilikataa kusoma ibada ya maziko, eti mtoto hakubatizwa. Baba wa mtoto alikuwa amefika kutoka machimboni Saza. Hakugombana nami. Aliniuliza tu, "Shemeji, hata jina lake hutalitaja?"

Nikasogea pembeni. Akina mama wakaimba wenyewe mpaka kaburi likafukiwa.

Padri alipofika alinisikiliza, kisha akaomba kijitabu changu. Akafungua nailoni, akanionyesha ukurasa. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa na padri hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza kwa maji, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Ukurasa uliofuata, sala za kumzika mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo. Yote hayo nilikuwa nayo begini mwangu!

Padri hakunifokea. Alisema mtoto yuko mikononi mwa Mungu. Na ni kweli, ubatizo pengine usingemponya. Lakini Eliza hakuniomba nimponye...

Nilikwenda kwa Eliza kukiri. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Nisomee huo ukurasa."

Nikasoma.

"Rudia."

Nikarudia. Akainama, akaendelea na mahindi yake.

Makatekista wenzangu, na nyote mliokabidhiwa kitabu kwa ajili ya watu, nawasihi kifungueni! Muulizeni padri mapema, watoto wakiwa bado wanacheka. Mimi nilidhani kutii ni kukataa.

Mtoto aliitwa Daudi. Jina lake nalitaja hapa, maana kaburini sikulitaja.

Eliza bado anakuja ibadani, na salamu ananipa. Ila haniiti kaka tena. Ananiita katekista.