Ncha ya Sindano

Kila atokapo shule, Parul humlea mdogo wake, Tuhin. Mama yao, Ambia, hushona katika kiwanda cha nguo hapo mjini Ashulia tangu asubuhi mpaka giza liingie, na baba yao alifariki kabla Tuhin hajazaliwa. Basi Parul humlisha mtoto, humwogesha, kisha humwacha atambae kwenye mkeka huku yeye akisoma.

Siku hiyo hakugusa daftari. Kesho yake ilikuwa sherehe ya mwaka mpya, naye alikuwa na shati jeupe la kiume, pana kama chandarua, lililonunuliwa kwa bei ya kutupa kwa wauza nguo zilizokataliwa viwandani. Rafiki yake Shilpi alikuwa amelicheka. "Hilo mtavaa wewe na mbuzi wenu, na nafasi itabaki." Parul alikusudia kumfunga mdomo. Alilipunguza mbavuni, akafupisha mikono, akang'oa kola, kisha akaanza kutia utepe mwekundu wa sari kuukuu shingoni hadi mabegani.

Mama alikwisha kumkataza kugusa cherehani asipokuwepo. Parul alijiambia ni kidogo tu. Alipofika begani, penye mikunjo minene, alikanyaga kwa pupa. Sindano ikalia ta! Kipande cha juu kilibaki mahali pake. Ncha haikuonekana.

Tuhin alikuwa akitambaa miguuni pake, naye kila anachookota hukitia mdomoni. Parul alimnyakua. Akapapasa mkeka, akakung'uta mito, akainama chini ya cherehani. Hakuna. Alikichomoa kile kipande cha juu akakiweka kando, akachukua sindano nyingine kwenye kopo la mama, akamaliza utepe, akalivaa lile shati ili ionekane kwamba kazi ilikwenda salama. Lakini mtoto hakuthubutu kumweka chini. Alimbeba begani mpaka mkono ukafa ganzi. Tuhin alilia, akatulia, akalia tena, na kila alipolia Parul alimfungua kinywa akachungulia. Je, ameimeza?

Mama aliporudi alilisifu shati, halafu akauliza mbona mtoto hashushwi. Parul akasema hataki kushuka. Mama akaandaa chakula, wali na dengu, akamchukua Tuhin amlaze mkekani.

"Mama, usimweke chini."

"Kuna nini?"

"Sindano imevunjika. Ncha sijaiona. Tangu mchana."

Parul alifumba macho akisubiri kofi. Halikuja. Mama alimwambia asisogee hata hatua, akafungua droo ya cherehani, akatoa sumaku. Akaipitisha juu ya mkeka, kwenye mito, kwenye nyufa za sakafu. Haikunasa kitu. Mama akamsogeza Tuhin karibu na taa. Shavuni palikuwa na mkwaruzo mwembamba mwekundu, chini kidogo ya jicho.

Mama aligeuka akamtazama binti yake. Akaisogeza sumaku begani pake, taratibu. Utepe mwekundu ukainuka wenyewe, ukaigusa.

Ncha ilikuwa humo, ndani ya mkunjo, palepale mtoto alipokuwa akilaza kichwa.

Parul aliketi chini akalia kwa kwikwi. Mama alilifumua bega la shati, akaitoa ncha, akaiweka pamoja na kile kipande cha juu mpaka vikakamilisha sindano nzima. Ndipo alipomshusha Tuhin.

"Cherehani hutaigusa tena nisipokuwepo, hilo tumemaliza," alisema. "Sasa sikiliza, mwanangu. Kule kiwandani sindano ikivunjika, mashine inasimama mpaka vipande vyote vipatikane. Hatuanzi kumtafuta aliyevunja. Tunaanza na ncha. Lakini hakuna anayeweza kuitafuta mpaka aliyevunja aseme. Wewe ulimwogopea mdogo wako ukambeba, na hatari ukawa umeivaa wewe. Siku nyingine ukikosea, sema hapohapo, ungali unaogopa. Usingoje damu ikusemee."